Columbo alipokuja London

Jumapili runinga za Uingereza hurudia Columbo, ile tamthilia ya Kimarekani ya mpelelezi wa polisi, na kwa sisi tuliotoka zamu ya usiku hakuna kipindi kinachotufaa kama hicho. Hakuna milipuko wala mbio za magari, na muuaji unamjua tangu mwanzo. Richard Levinson na William Link, waliombuni Columbo, waliugeuza upelelezi juu chini: huulizi nani kaua, unangoja tu kuona huyu luteni wa koti la mvua lililokunjamana atamnasaje. Ukisinzia robo saa hujapoteza kitu.

Kipindi cha London ndicho kinachonishinda. Kilirushwa Marekani Novemba 1972, kinaitwa "Dagger of the Mind", jina lililochotwa kwenye Macbeth, mchezo wa kuigiza wa Shakespeare, pale jamaa anapoona jambia likielea hewani kabla ya kwenda kumuua mfalme. Richard Basehart na Honor Blackman ni waigizaji wanaojiandaa kuucheza mchezo huohuo. Mzee anayewafadhili, Sir Roger, anagundua kwamba mapenzi aliyokuwa akionyeshwa na yule mama yalikuwa ya pesa tu. Ugomvi unazuka, kopo la krimu linarushwa, mzee anaanguka amekufa. Wanambeba mpaka kwake na kupanga ionekane ameteleza kwenye ngazi. Columbo naye yuko mjini kwa mwaliko, kuja kuona Scotland Yard, yaani polisi wa London, wanavyofanya kazi.

Basi hapo luteni anageuka mtalii. Kamera mkononi, anatembezwa huku na huko, na kipindi kinavutwa mpaka karibu dakika 100. Binamu yangu alipokuja likizo kutoka Tanga tukakiangalia pamoja, akacheka: "Kaka, mbona hapa ndipo uliponipeleka jana?" Kweli. London ya kipindi hiki ni ile tunayowaonyesha wageni: walinzi wa kasri, mto, klabu za mabwana wakubwa, mtumishi aliyevaa kuliko tajiri yake. Ya mitaa ya watu wa kawaida kama Tottenham au Peckham haimo, wala aliyekiandika haelekei kuitafuta.

Lakini mandhari ningeyasamehe. Kinachokiua kipindi ni kwamba Columbo hana pa kusimama. Kwao Los Angeles ule ubwege wake ni silaha. Anapapasa mifuko kutafuta kalamu, anamtaja mkewe, anaaga, anafika mlangoni, anageuka na swali moja dogo la mwisho. Matajiri wanamdharau, na dharau hiyo inawafungua midomo. Yote yanawezekana kwa sababu nyuma ya koti lile kuna kitambulisho cha polisi na mji anaoujua. Hata ule mkweche wake, Peugeot 403, unapendeza kwa sababu unaegeshwa mbele ya majumba ya kifahari ya mji wake mwenyewe.

London hana kitambulisho, hana Peugeot, hata kesi si yake. Ni mgeni wa afisa wa Scotland Yard, anaomba ruhusa ya kuuliza. Akionekana amepotea, basi amepotea kweli. Anayeishi ughaibuni analijua hilo bila kufundishwa. Nyumbani naweza kujifanya sielewi mbele ya karani mwenye maringo, nikamwacha ajikanyage, kwa sababu najua nikiamua kusema nitasikilizwa. Hapa, mwaka wangu wa kwanza, nikinyamaza kidogo tu dirishani mtu alianza kunisemesha polepole kwa sauti kubwa kama nina kasoro ya masikio. Walioandika kipindi hawakuiona tofauti hiyo, wakadhani vichekesho vilevile vitasafiri.

Na mwisho wake! Ushahidi ni lulu ya mkufu uliokatika wakati wa ugomvi, ambayo huenda iliangukia ndani ya mwavuli wa marehemu. Wanakusanyika kwenye jumba la sanamu za nta, mwavuli unafunguliwa, lulu inadondoka, Basehart anapagawa na kuanza kughani Macbeth. Kumbe lulu kaitupia Columbo mwenyewe. Huo ni mtego wa kubahatisha, si upelelezi. Linganisha na kipindi cha 1973, Donald Pleasence akiwa mtengeneza mvinyo: ananaswa na ulimi wake mwenyewe, pale anapoonja na kutambua kwamba mvinyo umeharibiwa na joto. Hakuna mtu mwingine mezani ambaye angejua. Pale muuaji anafungwa na kile anachokipenda kuliko vyote, na Columbo anamheshimu hata anapomkamata.

Cha London kina jambo moja la kukitetea, naye ni Wilfrid Hyde-White. Anacheza yule mtumishi, Tanner, anayekuja kwa adabu zote kuwadai wauaji malipo ya kunyamaza. Kila sentensi anaitoa kama anamimina chai, na bei yake imo humohumo. Wakamuua mapema mno, na mimi huzima runinga hapo.