Sekunde 20 ndani ya hospitali ya Kolmanskop

Kipima mwanga kilisoma sekunde 10. Nikaacha shata la kamera wazi sekunde 20, maana mkanda wa HP5 Plus, filamu ya picha nyeusi na nyeupe, huzubaa mwanga ukiwa hafifu. Ukikifuata kipima, sehemu zenye kiza hazionekani vizuri.

Nilikuwa kwenye ujia wa hospitali ya Kolmanskop, Namibia, mji wa wachimba almasi uliobaki mahame tangu 1956, kama kilomita 10 kutoka Lüderitz. Nilikata kibali cha wapiga picha kinachoruhusu kuingia alfajiri, kabla watalii hawajaukanyaga mchanga uliojaa vyumbani.

Hospitali ndiyo hasa iliyonipeleka. Ilikuwa na mashine ya eksirei, na inasimuliwa kwamba ilitumika pia kuwachungulia vibarua walioshukiwa kumeza almasi. Matumbo ya watu yalipigwa picha nyeusi na nyeupe humo humo! Tangu niliposikia hilo sikutaka kabisa kupapiga kwa rangi. Na almasi iliyoanzisha yote iliokotwa 1908 na kibarua wa reli, Zacharias Lewala. Alimpelekea msimamizi wake, August Stauch, na haki za kuchimba zikawa za Stauch. Inaniuma kila nikiikumbuka.

Kilichonitoa jasho ni madirisha. Nje kweupe pe, ndani kiza. Nilipima kwenye kona yenye kiza ambako bado nilitaka rangi iliyobanduka ukutani ionekane, nikapunguza stopu mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga), kisha wakati wa kusafisha mkanda nikakata kama robo ya muda ili dirisha lisiungue kwa weupe. Miguu ya stendi ilikuwa ikididimia taratibu shata likiwa wazi, kwa hiyo niliitegea vifuniko vya makopo ya kahawa.

Mkanda wa pili niliuharibu. Niliubadilisha nje, upepo ukivuma, na chembe ya mchanga ikanasa kwenye kitambaa cha mdomo wa kopo la mkanda. Ilichora mstari mmoja mnyoofu kwenye picha zote 36. Niliumia sana. Siku hizi nabadilishia ndani ya mfuko, nikiwa nimeupa upepo mgongo, na kwanza naupuliza mdomo wa kopo kwa pampu ya mpira.

Ile ya ujia ilitoka. Mchanga umepanda kwa mawimbi hadi kwenye kitasa cha mlango, na ukiitazama negativu kwa lenzi ya kukuzia, unaona misumari ya fremu mmoja mmoja.