Ukuta wa Chumvi

Baba yangu anafanya kazi ya chumvi Gongoni, pwani ya Kenya, tangu kabla sijazaliwa. Ndiyo maana tulipokuwa Dubrovnik, nchini Kroatia, mwishoni mwa Agosti, wenzangu walipopanga foleni ya kupanda ule ukuta maarufu, mimi nilishika basi la Ston. Nilikuwa nimesoma kwamba huko watu walijenga ukuta kwa ajili ya chumvi.

Ni mwendo wa saa moja hivi. Ston ni mji mdogo wa mawe, umekaa pale rasi ya Pelješac inaposhikana na bara, mahali ambapo bahari hii na ile karibu zikutane. Jamhuri ya Dubrovnik ilipopata eneo hili mwaka 1333 haikukawia, ilianza kujenga. Ukuta uliobaki una kilomita 5 na nusu. Unatoka Ston, unapanda mlima, unateremka upande wa pili hadi Mali Ston. Wakati ule chumvi ndiyo iliyohifadhi nyama na samaki, na misafara iliichukua kuipeleka bara hadi Bosnia. Dubrovnik ilitajirika kwayo, nayo ikailinda.

Nilipanda asubuhi, na bado jua lilinichoma. Ngazi ni kali, magoti yalilalamika. Mahali pengine mawe mapya meupe yamepachikwa kati ya yale ya kijivu, maana tetemeko la mwaka 1996 liliuumiza mji huu vibaya. Nilipogeuka nyuma nikayaona mabwawa ya chumvi chini, yamepangwa kama miraba ya mkeka. Nilikaa chini. Machozi yalinitoka, wala sikuyazuia.

Niliposhuka nilikwenda moja kwa moja kwenye mabwawa. Kazi niliijua kabla ya kuelezwa: maji ya bahari yanaingizwa bwawa la kwanza, yanahamishwa la pili, la tatu, kila hatua yakizidi kukolea kwa jua na upepo, hadi chumvi inaganda chini na watu wanaikwangua. Ni kazi ya Gongoni hiyohiyo. Tofauti niliyoiona ni bamvua. Kwetu huwezi kuzungumza chumvi bila kuhesabu mwezi na kungoja maji makuu, lakini bahari ya Adriatic hupanda na kushuka kidogo mno.

Halafu kuna majina. Mabwawa ya kuvunia yamepewa majina ya watakatifu, Petar, Pavao, Josip na wengine, isipokuwa moja linaloitwa Mundo. Nilisimama mbele ya Petar kwa muda mrefu. Bwawa ambalo baba amelikwangua miaka yote hii lina namba tu, imepakwa rangi kwenye kigingi.

Niliinama nikachukua punje chache ukingoni. Zilikuwa na kona kali, nyeupe, na zilipoyeyuka ulimini zilikuwa chungu kidogo mwishoni, kama zile alizokuwa akituletea baba kwenye kitambaa, tukizilia maembe mabichi.

Mchana nilikula chaza Mali Ston. Wanawafuga kwenye kamba zinazoning'inia baharini, wakati kwetu tunawabandua kwenye mizizi ya mikoko. Ni watamu, kwa limau tu.

Jioni nilimpigia baba.

"Baba, shikamoo. Nimeona ukuta wa kilomita 5 na nusu. Waliujenga ili chumvi isiibiwe."

Alinyamaza kidogo. "Marahaba, mama. Na hao wanaoikwangua, wamevaa mabuti?"

Nikamwambia niliowaona walikuwa nayo.

"Mazuri?"

"Mazuri, baba. Ya mpira, yanafika magotini."

Baba ana magaga yanayoingia kidole, na kila jioni mama humpaka mafuta ya nazi. Nilimsikia akimgeukia mama na kumwambia, "Wana mabuti."

Kesho yake, kabla ya kuondoka Dubrovnik, niliingia duka la vifaa vya uvuvi. Namba tisa.