Siku moja wodini na watoto wenye saratani

Mi ni nesi wodi ya watoto wenye saratani, hapa Dar.

Saa 1 na nusu asubuhi napokea ripoti kwa wenzangu wa usiku: nani katapika, nani kagoma kula, nani ana homa. Homa kwa mtoto wa kemo (dawa kali za kuua saratani) hatuichekei, kinga yake iko chini, antibaotiki inaanza hapohapo.

Saa 3 sindano za mgongoni. Watoto wa leukemia (saratani ya damu) na wa Burkitt (saratani ya tezi za limfu) wanawekewa dawa kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo na ubongo, maana dawa nyingi za mshipani huko hazifiki vizuri. Leo kulikuwa na dogo wa miaka 6 ambae mama yake alimwambia huchomwi, alivyoiona tu trei akaanza kupiga kelele. Tukakaa chini na mdoli, nikampa bomba la sindano lisilo na ncha amchome huyo mdoli yeye mwenyewe, nikamwambia ukweli, itauma, utajikunja usitikisike, alafu itaisha. Nikamwambia achague nani amshike, na kama atapuliza mapovu au atahesabu. Akachagua mama na kuhesabu. Alilia sana jamani, ila hakutikisika!

Saa 6 mama akanifata, dada nilimficha asiogope. Namuelewa kabisa, ni mapenzi. Ila mtoto akifichwa anajitungia majibu yake, na wadogo wengi wanajihukumu, kuna mmoja aliwahi kuniuliza, "Anti, naumwa kwa sababu niliiba sukari?" Yani hilo liliniuma kuliko kitu chochote wodini. Kwa hiyo tunawaambia wazi, tena na tena, hujakosea kitu, ugonjwa sio adhabu.

Saa 8 chumba cha michezo. Kuna binti mgeni ana Burkitt, taya limevimba, haongei na mtu. Nisingeweza kumsaidia kama alivyomsaidia kaka mmoja wa leukemia (matibabu yao yanapita miaka 2, anaijua wodi kuliko madaktari wanafunzi), alimwambia uvimbe wa hivyo kemo inaushusha ndani ya siku chache, ameona kwa wenzake, na nywele zikitoka zinaota tena. Binti akaomba karata.

Saa 9 na nusu nafanya makabidhiano, dogo wa asubuhi akauliza kesho kuna sindano? Mama ndo akajibu, "Kesho hamna baba, wiki ijayo ipo, na ntakushika mimi."