Thamostati mbovu na taa ya injini: ninavyoitambua na ninavyoibadilisha

Je, thamostati mbovu inaweza kuwasha taa ya injini? Ndiyo, na mara nyingi huiwasha wakati gari halichemshi hata kidogo. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ikitajwa thamostati, mtu anawaza mvuke unaofuka kwenye boneti. Kumbe msimbo (alama ya kosa inayoandikwa na kompyuta ya gari) ninaoukuta zaidi nikichomeka kifaa cha kupimia ni wa injini iliyobaki baridi. Gari linawaka, linavuta, geji ya joto haionyeshi tatizo, ila taa ya njano imeganda kwenye dashibodi.

Msimbo huo ni P0128: joto la maji ya injini liko chini ya kiwango ambacho thamostati ilipaswa kulishikilia. Thamostati ni vali yenye kidonge cha nta ndani. Injini ikiwa baridi vali imefunga, maji yanazunguka kwenye bloku na hita ya kupasha hewa ndani ya gari tu. Nta ikipata moto inatanuka, inasukuma pini, vali inafunguka na maji yanapita kwenye rejeta. Kwenye magari mengi huanza kufunguka kati ya nyuzijoto 80 na 92 (namba huwa imepigwa kwenye thamostati yenyewe) na hufunguka yote nyuzi 10 hadi 15 juu ya hapo. Springi ikichoka, au kutu ikinasa kwenye kiti cha vali, inabaki wazi. Maji yanakwenda rejeta tangu gari linapowashwa, na injini haifiki joto lake.

Kompyuta ya injini haina jicho ndani ya thamostati. Inachofanya ni hesabu. Inachukua joto la maji wakati wa kuwasha, joto la hewa inayoingia, kiasi cha hewa iliyovutwa, mwendo na muda, kisha inakadiria maji yalipaswa kuwa na joto gani sasa hivi. Sensa ya maji ikiwa nyuma ya makadirio, msimbo unaandikwa kimyakimya kama unaosubiri. Safari nyingine yenye masharti hayohayo ikitoa jibu lilelile, ndipo taa inawaka. Kwa hiyo gari la kutambaa kwenye foleni linaweza kukaa muda mrefu bila taa hata kama thamostati iko wazi, kwa sababu hewa haipigi rejeta na injini inajipasha hivyohivyo. Peleka gari hilohilo barabara kuu asubuhi yenye baridi, taa inajitokeza.

Usiitegemee sana geji. Magari mengi ya siku hizi yametengenezwa sindano isimame katikati kwa masafa mapana, kiasi kwamba nyuzi 75 na nyuzi 100 zinaonekana sawa. Kifaa cha bei ndogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (tundu la kusomea kompyuta ya gari), cha kuunganishwa na simu, kinakuonyesha joto halisi kwa namba. Bila namba hizo utakuwa unabahatisha.

Misimbo mingine ya jirani ni hii. P0125 inasema maji hayakufika joto la kuiwezesha kompyuta kurekebisha mafuta kwa kufuata sensa ya oksijeni. P0597, P0598 na P0599 ni za thamostati zenye hita ya umeme ndani yake. Hapo tatizo ni la umeme, na waya au plagi iliyolika huweza kuwa ndiyo shida nzima. P0217 ni ya injini iliyozidi joto, na hiyo usiendeshe nayo.

Sasa, P0128 haimaanishi moja kwa moja kwamba ununue thamostati. Kitu cha kwanza ninachokagua ni maji. Injini ikiwa imepoa kabisa, nafungua mfuniko wa rejeta wenyewe, siangalii chupa ya akiba peke yake, kwa sababu chupa inaweza kuwa imejaa na rejeta ina upungufu. Maji yakipungua, sensa hubaki kwenye hewa badala ya kuzama, inasoma chini, na kompyuta inailaumu thamostati. Yakiwa pungufu, jaza, tafuta yanakovujia, futa msimbo, endesha. Mara nyingine kazi inaishia hapo.

Pili ni sensa ya joto la maji. Gari likilala usiku kucha, washa swichi bila kuwasha injini, usome joto la maji na joto la hewa inayoingia. Yanapaswa kukaribiana, tofauti ya nyuzi chache tu. Maji yakionyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, waya umekatika au plagi imechomoka, na msimbo wake kwa kawaida ni P0118. Yakionyesha joto la ajabu wakati injini ni baridi, kuna shoti, P0117. Kwa mwenye multimita: sensa nyingi za aina hii husoma takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Angalia pia feni. Feni isiyozimika tangu asubuhi inapoza injini na kuleta msimbo huohuo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kuangalia joto linavyopanda. Washa injini baridi, endesha kawaida, mwenzako asome namba. Thamostati nzima huonyesha joto linapanda bila kusita hadi karibu na namba yake, linashuka nyuzi chache ghafla maji baridi ya rejeta yanapoingia, kisha linatulia na kuchezacheza ndani ya nyuzi chache. Iliyokwama wazi hupanda kwa uvivu, inagota kwenye 60 au 70, na ukifika kilomita 90 kwa saa inaanza kushuka. Ukisimama kwenye taa za barabarani inapanda tena. Ukiona hivyo na maji yamejaa, mjadala umeisha. Joto likiruka kutoka 50 hadi 85 na kurudi ndani ya sekunde, hiyo ni sensa au waya, maana maji hayawezi kubadilika haraka kiasi hicho.

Kushika hosi nako kunasaidia, lakini jua kwanza thamostati imekaa wapi. Ikiwa kwenye mdomo wa kutokea maji, hosi ya juu ya rejeta hubaki baridi dakika za mwanzo kisha inapata moto kwa mkupuo. Ikianza kupata uvuguvugu mara tu baada ya kuwasha, vali iko wazi. Injini nyingi za Kijapani zina thamostati upande wa kuingilia, kwenye hosi ya chini, na hapo hosi ya juu haikuambii kitu. Angalia mikono yako: feni ya umeme inaweza kuzunguka bila kukuarifu.

Kubadilisha kwenyewe si kazi kubwa kwenye injini nyingi. Acha ipoe kabisa. Mfumo una presha, na mfuniko ukifunguliwa wa moto maji yanaruka usoni. Weka beseni, fungua nati ya kumwagia chini ya rejeta, toa maji hadi yashuke chini ya usawa wa nyumba ya thamostati. Chomoa hosi, fungua bolti, nyingi ni za spana 10 au 12. Nyumba za plastiki zinavunjika masikio, kwa hiyo zungusha hosi kwanza ilegee kabla ya kuivuta. Ikitoka, iangalie thamostati kwenye mwanga: ikiwa baridi na unaona mwanya kwenye vali, umeshapata jibu.

Mpya naipima kabla ya kuifunga, kwa sababu kutoa maji mara mbili ni kazi ya bure. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha polepole. Ianze kufunguka karibu na namba yake, na kwa nyingi za nyuzi 82, kwenye nyuzi 95 vali iwe imeinuka milimita 8 au zaidi. Kama uko juu sana kutoka usawa wa bahari, maji yatachemka kabla ya nyuzi 100, hivyo fuata kipimajoto, usifuate mapovu.

Safisha uso wa chuma kwa kikwanguo cha plastiki. Mkwaruzo mmoja wa bisibisi unatosha kuleta uvujaji. Upande wenye springi na kidonge cha nta unaangalia injini, penye maji ya moto. Kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu kabisa, kwa kuwa ndicho kinachopitisha hewa wakati wa kujaza. Mpira mpya wa gasketi uvae ukingoni mwa thamostati, mkavu. Sipaki silikoni juu ya mpira: inautelezesha, na vipande vyake vinaishia kwenye njia ya maji. Bolti za milimita 6 zinataka takriban nyutoni-mita 10 tu, zikazwe kwa zamu.

Jaza kulanti (kimiminika cha kupoza injini) aliyoitaja mtengenezaji wa gari, kwa kawaida nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, na usichanganye aina kwa kuangalia rangi. Kisha toa hewa: mfuniko wazi, hita kwenye moto wa mwisho, injini ikizunguka taratibu, minyaminya hosi, jaza inaposhuka. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Hita ikipuliza baridi wakati namba inaonyesha 90, bado kuna hewa ndani. Injini ikishapoa, kagua maji tena na uongeze.

Iliyokwama imefungwa ni habari nyingine. Hapo gari linachemsha, taa nyekundu ya joto hutangulia, na taa ya injini ikija huja na P0217 au injini imeanza kumisi. Zima. Silinda hedi iliyopinda ni gharama ya mbali kabisa na ya thamostati.

Wapo wanaoitoa kabisa na kuendesha bila thamostati. Mimi sikubaliani nao. P0128 itawaka, mafuta yanazidi kwa sababu kompyuta inadhani injini bado inajipasha, petroli inachuruzika kwenye oili, na gia nyingi za otomatiki hukataa kufunga toki konveta (kiungo kati ya injini na gia) injini ikiwa baridi. Kuweka thamostati ya nyuzi 76 kwenye injini ya 88 nako huleta taa ileile.

Baada ya kazi, futa msimbo na ulilaze gari usiku kucha, kisha endesha mfululizo nusu saa, sehemu ya safari iwe kwenye mwendo wa barabara kuu. Usipofuta, taa hujizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo ambazo kipimo kimefaulu, na msimbo hubaki kwenye kumbukumbu hadi injini ijipashe mara 40 bila tatizo kurudi. Msimbo ukirudi na thamostati ni mpya, anza upya na maji, halafu sensa, halafu linganisha namba iliyopigwa kwenye thamostati na ile inayotakiwa na injini yako.