Sukari ya tranziti na Sheikh Salim wa Kuwait

Juzi baada ya magharibi nilikuwa nimekaa barazani huku Mji wa Kale, kahawa mkononi, kashata pembeni, tukaingia kwenye mambo ya vikwazo. Si unajua siku hizi kila mtu ni mchambuzi, mara meli zinakwepa Bahari ya Sham, mara fulani kafungiwa bandari, na jamaa mmoja akasema kwa kujiamini kabisa ati taifa kubwa likiamua kufunga njia basi imefungwa, hapiti hata panya. Nikacheka mpaka kahawa ikanimwagikia kanzu. Manake mimi kazi yangu ni kliaringi, kutoa mizigo forodhani, hapo bandari ya Kilindini, Mombasa, hizo njia zilizofungwa nazijua.

Nikawahadithia. Zamani nikiwa bado karani wa kukimbizwa na stakabadhi, tulikuwa na magunia ya sukari ya tranziti, ya kupita tu kwenda nchi nyingine, makaratasi yote yanasema Uganda, sili imepigwa, lori likatoka Jumatatu usiku. Alhamisi mama akanituma dukani kwetu Kisauni, naingia, nakuta gunia lile lile, alama nyekundu ile ile, mpaka doa la rangi pembeni ambalo mimi mwenyewe nalikuwa nimeliona ghalani. Mwenye duka ananipimia kilo 2 ananiuliza, yakhe mbona wamkodolea macho gunia, wamdai? Na karatasi ya kwamba mzigo umevuka Malaba, mpakani na Uganda, ilikuwa ishakuja ofisini, ina muhuri, safi kabisa!

Hapo ndipo nikawapeleka Kuwait ya 1918, manake wallahi habari ni ile ile.

Vita vya kwanza vile, Mturuki yuko na Mjerumani, Muingereza anataka kumnyima chakula na nguo. Baharini alikuwa na manowari, na hata baharini kwenyewe hakukuzibika, huku kwetu pwani ya Mjerumani, Tanganyika ya sasa, walitangaza imefungwa kuanzia 1 Machi 1915, na Aprili hiyo hiyo meli ya Wajerumani, Rubens, ikapenya mpaka Manza Bay karibu na Tanga, ikapigwa mizinga ikakaa chini lakini mzigo mwingi Wajerumani wakauopoa. Sasa ikiwa bahari ni hivyo, jangwa je? Jangwani huna manowari, una masheikh tu, na masheikh wenyewe ndio uwalipe.

Akawalipa kweli. Ibn Saud, mtawala wa Najd, bara la katikati ya Arabuni, alitia saini mkataba na Percy Cox, mwakilishi wa Muingereza, kule Darin, 26 Desemba 1915, baadaye akawa anapata pauni 5,000 kwa mwezi. Sharif Hussein wa Makka, aliyeanza kupigana na Waturuki Juni 1916, yeye malipo yalipanda mpaka pauni 200,000 kwa mwezi, tena dhahabu. Piga hesabu hapo, mmoja anapewa mara 40 ya mwenzake, na hao wawili hawapikiki chungu kimoja, halafu unawaambia nyinyi nyote marafiki zangu mfungieni Ibn Rashid, mtawala wa Ha'il kaskazini mwa Najd, kwa sababu yuko na Mturuki. Nani atamfungia nani?

Kuwait yenyewe ilikuwa na ahadi na Muingereza tangu 1899, enzi za Sheikh Mubarak. Mubarak akafa 1915, mwanawe Jabir akashika, naye akafa mapema 1917, akaja Salim. Na hapa ndipo pamenogea mimi mtu wa forodha, kwa hivyo mnivumilie. Merikebu zinatoka Bombay zinashusha Kuwait mchele, sukari, chai, kahawa, majora ya nguo. Bedui wanaingia mjini na ngamia, wananunua, ushuru unaingia kwa sheikh, msafara unaondoka. Ukiuliza mzigo unakwenda wapi unaambiwa unakwenda Najd, kwa watu wa Ibn Saud, rafiki wa Muingereza, halali kabisa. Najd ndiyo "Uganda" yao! Ukishafika Qasim, jimbo la Najd lililo njiani kwenda Ha'il, wafanyabiashara wa Buraydah na Unayzah wanajua wenyewe, unapanda Ha'il, na kutoka Ha'il unawafikia Waturuki mpaka Madina walikokuwa wamezingirwa, na wengine Sham, yaani Syria. Na kabila la Shammar, watu wa Ibn Rashid wenyewe, soko la Kuwait walikuwa wakilijua kabla ya vita na kabla ya Muingereza, sasa wewe ofisa umekuja na meza yako unataka kumtambua Mshammari kwa nini, kwa kilemba?

Muingereza akamkasirikia Salim. Akaweka watu wake wa kuchunguza misafara pale pale Kuwait, na 1918 akamwandikia barua ya onyo kwamba zile ahadi walizopewa babake na kakake zitaendelea ikiwa atazuia mambo yanayowadhuru Waingereza. Salim naye akaona ni dharau, na mimi kusema kweli namwelewa. Ushuru ndio ulikuwa sufuria lake. Unamwambia mtu funika sufuria lako mwenyewe kwa ajili ya vita ambavyo hakuvianzisha, na jirani yake wa Riyadh anapewa pauni 5,000 kila mwezi.

Ukimuuliza Ibn Saud anasema magendo yanatoka Kuwait. Ukiuliza Kuwait wanasema ni watu wa Ibn Saud wa Qasim hao wanaouza mbele. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, hilo ndilo lililomtesa Muingereza. Nimeshakaa vikao vya aina hiyo mimi, mwenye lori anasema ajenti, ajenti anasema dereva, dereva simu haipatikani.

Kwa maoni yangu mjanja wa wote ni Ibn Saud. Al-Hasa, pwani ya mashariki ya Arabuni, alikuwa keshaichukua 1913, kwa hivyo ana Uqair na Qatif, bandari zake mwenyewe. Kuwait ikibanwa yeye hapotezi kitu, na Ibn Rashid akikosa mchele ni raha zaidi. Vita vikaisha, ukaguzi ukaondoka, akaiteka Ha'il 1921, Hijazi, nchi ya Makka na Madina, akaimaliza 1925 na Sharif Hussein alikuwa keshakimbia na dhahabu zake zote zile. Halafu sikia hii, akawazuia watu wake wasinunue Kuwait, anataka ushuru wake ukusanywe, na marufuku hiyo ikaendelea miaka ya 20 na 30. Wakuwaiti wakaumia haswa, na lulu nazo zilikuwa zimeanguka bei sababu ya lulu za kufugwa za Wajapani. Muingereza, mlinzi wao, akaandika barua.

Ami mmoja pale barazani, mzee sana, alikuwa kimya muda wote, akasema ndiyo maana. Nikamuuliza ndiyo maana nini, Ami? Akasema babake alikuwa akihadithia majahazi ya Kuwait yakija na kaskazi mengi mengi, yamejaa tende na chumvi, yanapita hapa Bandari ya Kale yanakwenda Lamu na Rufiji kupakia boriti, na manahodha wanang'ang'ania bei mpaka ya mkeka, hata abiria wakawa wanajazwa juu ya mzigo. "Kumbe kwao bara kulikuwa kumefungwa, mwanangu," akasema, "sisi twadhani ni ubahili."

Yule jamaa wa panya akauliza, na ile sukari ya Kisauni ilikuwaje? Nikamwambia mama alipika mahamri.