Huyo Dada Ndiye Mwenye Ngoma

Nilikolelewa mimi, Dar es Salaam, bendi haikuhesabika kuwa bendi mpaka iwe na mtindo wake. Wimbo ulikuwa na jina, na uchezaji nao ulikuwa na jina, na watu walijigawa kwa mitindo kama wanavyojigawa kwa timu za mpira. Mlimani Park walikuwa na Sikinde. Juwata walikuwa na Msondo. Maquis walikuwa na Kamanyola na baadaye Ogelea Piga Mbizi, na Safari Sound wakapita kwenye Masantula kabla ya kufika Ndekule. Baba yangu alikuwa mtu wa Sikinde, na nyumbani hilo halikujadiliwa.

Alikuwa akinichukua mchana wa Jumapili. Wenzangu walivutwa na magitaa na tarumbeta. Mimi nilivutwa na waimbaji. Walisimama mbele kwa safu, sare moja, na wimbo ulipoanza kuchemka wote waliteremsha bega kwa pamoja, wakapeleka mguu kwa pamoja, wakageuka kwa pamoja, na bado wanaimba. Hakuna aliyeitwa kuwachezea. Nikakua nikiamini kwamba anayeuimba wimbo ndiye wa kwanza kuuonyesha kwa mwili wake, na hadi leo sijabadilika.

Nilipohamia Chicago imani hiyo ilikosa mahali pa kukaa. Muziki wa roki niliupenda, hasa ule wa bendi ndogo ndogo zilizokuwa zikipiga kwenye kumbi za pale mjini, lakini wale vijana walipopanda jukwaani walikuwa wakitazama nyuzi za magitaa yao. Mmoja angeruka, mwingine angetikisa kichwa, kila mtu na lake. Nilishaizoea hali hiyo nikaona ndivyo roki ilivyo.

Alhamisi ya tarehe 31 Agosti 2006 nilikuwa kazini. Nilifanya usafi wa jioni kwenye jimu moja katika kitongoji cha magharibi mwa jiji, mimi na mama mmoja wa Bukavu, Kongo, ambaye sote tulimwita Mama, hata wazungu wa pale. Kazi yetu ilikuwa kupita na chupa ya dawa na vitambaa, mashine moja baada ya nyingine, kufuta jasho la watu, kisha kupiga deki watu wakishaondoka. Kiswahili changu na chake vilikuwa na umbali wake, lakini vilitutosha, na kwa miezi mingi hicho ndicho Kiswahili pekee nilichokisikia kwa sauti ya mtu aliye mbele yangu.

Mashine za kukimbilia zilipangwa mstari mmoja mrefu, zote zikitazama ukuta wa televisheni. Televisheni hazikuwa na sauti. Mwenye kutaka kusikia alichomeka visikizio vyake kwenye mashine. Sisi wenye vitambaa tuliangalia picha tu, na maandishi yaliyokuwa yakipita chini. Jioni hiyo moja ya zile televisheni ilikuwa kwenye tuzo za video za MTV, moja kwa moja kutoka ukumbi wa Radio City, New York. Sikuwa nikiitazama. Nilikuwa nimeinama nikifuta kishikio cha baiskeli niliposikia Mama ananiita kwa sauti ambayo hakuwa akiitumia kazini.

“Kuya uone, mutoto yangu! Kuya uone bale bantu! Beko nacheza juu ya mashini!”

Nikainuka. Kwenye skrini kulikuwa na wanaume wanne, hawana gitaa wala fimbo za ngoma mkononi, na chini ya miguu yao kulikuwa na mashine nane za kukimbilia, zile zile tulizokuwa tukizifuta. Zinazunguka. Wao wako juu yake wanavuka kutoka mkanda mmoja hadi mwingine, wanapishana, mmoja anachukuliwa kinyumenyume amesimama wima bila kuinua hata kisigino, mwingine anakuja upande wa pili kama amesukumwa. Halafu wote wanne mkono juu. Halafu wote wanne wanageuka. Sura zao zilikuwa za watu walio kazini, za watu wanaohesabu.

Mama alikuwa amefunika mdomo kwa kitambaa. “Yesu wangu, batanguka.”

Hawakuanguka. Ukumbi ule haukuwa na nafasi ya kurudia: mguu ukikosea mkanda, mtu anaburutwa mbele ya ulimwengu mzima. Nilijikuta nimeshika kiti cha ile baiskeli kwa nguvu. Mbele yetu watu waliokuwa wakikimbia walianza mmoja mmoja kupunguza mwendo. Bwana mmoja mnene aliyekuwa akija kila siku bila kusema na mtu alisimamisha mashine yake kabisa, akabaki juu yake ameinua shingo. Hatukusikia noti hata moja. Nilijaribu kuusikia wimbo kwa kutazama miguu, na naapa niliusikia: nilijua ulikuwa wa haraka, nilijua ngoma ilipiga wapi, nilijua kiitikio kilirudi mara ngapi.

Mambo yakaisha, tangazo la biashara likaingia, watu wakarudi kukimbia.

Tulipofunga milango, kijana wa mapokezi ndiye aliyetueleza. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mpenzi mkubwa wa muziki, na alishangaa kwamba hatukuwajua. Hao ni OK Go, akasema, watu wa hapa hapa Chicago, bendi iliyoanzia mji huu mwaka 1998. Wimbo unaitwa “Here It Goes Again”, umo kwenye albamu yao ya mwaka uliotangulia, ile waliyokwenda kuirekodi Malmö, Uswidi. Na video yake iko YouTube tangu tarehe 31 Julai, mwezi mmoja tu. Akaifungua kwenye kompyuta ya mapokezi, akageuza skrini itutazame, akaongeza sauti kwenye vile vispika vidogo mpaka mwisho.

Gitaa liliponguruma mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, maana lilikuwa vile vile nilivyolisikia kwa macho. Wimbo ni wa dakika tatu, hauna mapambo mengi: gitaa kavu linalokatakata, ngoma zinazosukuma, na maneno ya mtu anayejiona anarudi tena pale pale alipokwisha kujiapia kwamba harudi. Ndipo nikaelewa kwa nini mashine hizo na si kitu kingine. Mtu anakimbia kwa nguvu zake zote na mahali ni pale pale.

Video yenyewe iliniteka kuliko ile ya jukwaani. Kamera imesimama mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, haikatwi, haisogei. Nyuma yao ni kitambaa kinachong'aa. Basi. Wamechukua picha moja ndefu, na maana yake ni kwamba wa mwisho akikosea kwenye dakika ya tatu, wote wanarudi mwanzo. Walirudia mara 17 hadi wakaipata.

Mama akataka kujua nani aliwafundisha. Kijana akasema ni dada wa mwimbaji. Damian Kulash ana dada anayeitwa Trish Sie, mcheza dansi kwa kazi yake, na mambo yote hayo yalifanyikia nyumbani kwake huko Orlando, Florida. Hata ile video yao ya kabla ya hapo, “A Million Ways”, ambayo wanne hao wanacheza uani nyumbani kwa Damian huko Los Angeles, hatua zake ni za dada huyo huyo. Nikamfasiria Mama. Akatikisa kichwa taratibu, akasema:

“Huyo dada njo mwenye ngoma.”

Halafu akatuambia jambo ambalo kwa miezi yote hiyo hakuwahi kulisema. Huko Bukavu, kabla ya vita, yeye ndiye aliyekuwa akiifundisha kwaya ya kanisa lao kucheza. Wadogo zake wa kiume walikuwa waimbaji wazuri lakini miguu yao migumu, na alikuwa akiwapanga uani jioni, mmoja baada ya mwingine, akiwashika mabega na kuwageuza. Alikuwa akihesabu kwa kupiga makofi. Watu walipowasifu wale vijana kanisani, yeye alikuwa amekaa upande wa kina mama. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja mtaa aliozaliwa. Mimi ndiye niliyeona uchungu kidogo.

Akaomba video irudiwe. Safari hii hakuwaangalia wale wanaume, aliangalia mikanda. Akamwambia kijana asimamishe picha, akaweka kidole kwenye skrini, akaonyesha: hii inakwenda kule, hii ya jirani inakuja huku, hii tena kule. Safu mbili za mashine nne nne, na kila moja imegeuziwa upande kinyume na mwenzake. Hapo ndipo siri ilipo. Ukisimama tu bila kufanya kitu, mkanda unakupeleka mbele. Vuka hatua moja pembeni, mkanda wa pili unakurudisha. Mtu anaweza kuzunguka duara zima bila kutembea, na watu wawili wanaweza kupishana uso kwa uso wakiwa wamesimama. Yule dada alikuwa amemaliza nusu ya ngoma kwa jinsi alivyozipanga zile mashine, kabla kaka yake na wenzake hawajainua mguu. Mimi nilikuwa nimeitazama mara mbili na sikuwa nimeliona hilo. Mama aliliona kwa sababu alishawahi kusimama mahali pa kupanga watu.

Tukageuka kuzitazama za kwetu. Mstari mmoja, zote zinatazama ukuta, zote zinavuta upande mmoja. Kwa mpangilio ule hata watu mia wangekimbia usiku kucha bila yeyote kukutana na mwenzake.

“Si kitu,” Mama akasema, akavua gauni la kazi lililokuwa juu ya nguo zake, akajifunga kitenge kiunoni. Akachagua mashine mbili za katikati. Akajichomeka ile kamba nyekundu ya usalama, akaniamuru nami nijichomeke. Tukaziwasha kwa mwendo wa chini kabisa. Kijana akaanzisha wimbo upya.

Mama alianza kwa kutembea tu mpaka miguu ikauzoea mkanda. Halafu akageuka, akawa anatembea kinyumenyume, magoti yamelegea, kiuno kimeshuka, mabega yametulia. Ile ilikuwa rumba ya kwao kabisa, imewekwa juu ya roki ya Chicago, na ilikaa. Mikono yake ilikuwa ikitangulia ngoma kidogo, kama wafanyavyo wachezaji wazuri wa Kikongo. Alikuwa na umri wa kuitwa nyanya na alikuwa amesimama tangu saa kumi ya mchana. Akanipigia kofi: moja, mbili, geuka. Nikageuka. Akanipigia tena. Hatua niliyokuwa nayo mwilini ilikuwa ni ile ya waimbaji wa Jumapili, bega chini, mguu pembeni, na nilipoitoa Mama akapiga kelele, “Ndiyo! Ndiyo!”, akaiiga palepale, tukawa tunaicheza pamoja, kila mtu na mkanda wake, tukitazama ukuta wa televisheni zilizozimwa.

Kijana wa mapokezi alikuja akasimama pembeni, na katika kiitikio cha mwisho akapanda mashine ya tatu. Mama akamshika mabega kutoka ule mkanda wa jirani, akamgeuza uso.

Tuliucheza wimbo ule mara nyingi usiku huo. Deki ilipigwa kwa kuchelewa, na basi la mwisho tulilipata kwa kukimbia.

Mwezi wa pili mwaka 2007 nilikuwa nimeacha kazi ile, nimepata nyingine karibu na nyumbani. Siku moja nikasikia redioni kwamba “Here It Goes Again” imeshinda tuzo ya Grammy ya video fupi ya muziki. Nikampigia Mama simu hapo hapo. Alikuwa kazini, nyuma yake nilisikia mashine zikivuma.

“Bale ba mashini?” akasema. “Banastahili.”

Kimya kidogo, kisha:

“Na dada yabo? Banamupatia naye?”

Nikamwambia ndiyo. Jina lake limeandikwa pamoja na la bendi ya kaka yake kama mwongozaji wa video, na tuzo ni yake pia.

“Ah, muzuri,” akasema Mama. “Sasa ni muzuri.” Akaniaga, maana msimamizi alikuwa anapita.