Nilivyopitisha bomba la bafu ndani ya mbao za sakafu bila kuzidhoofisha

Kazi ilikuwa bafu jipya la ghorofani katika nyumba ya mbao, Marekani. Sakafu imebebwa na mbao za inchi 2 kwa 10, zimepangwa milimita 406 kutoka kati hadi kati. Zinaitwa 2 kwa 10, lakini ukizipima ni milimita 38 kwa 235, na hesabu zote huanzia kwenye kipimo hicho.

Kanuni za IRC, yaani kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi zinazofuatwa na majimbo mengi, zinaruhusu tundu lisilozidi theluthi ya kimo cha ubao, yaani milimita 78 hapa, tena libakize angalau milimita 51 juu na chini, na umbali huohuo hadi tundu jingine. Ubao ukibeba mzigo, nyuzi za juu hubanwa na za chini huvutwa. Za katikati hazina kazi kubwa. Ndiyo maana tundu la katikati ya kimo halidhuru sana. Ukikata pengo kwenye ukingo wa chini, hasa katikati ya urefu wa ubao, ufa huanzia kwenye kona ya pengo na kukimbia kufuata nyuzi. Mimi sikukata pengo hata moja.

Bomba la choo la inchi 3 lina upana wa nje wa milimita 89, kwa hiyo halipiti kabisa kwenye mbao hizi. Nililiweka sambamba na mbao, ndani ya uwazi kati ya mbao mbili, hadi ukutani linakoshukia. Mahali pa choo pakaamuliwa na mbao. Ukianza kuchagua mahali pa choo ndipo uangalie mbao, utajikuta umeshika msumeno.

Lililobidi kuvuka mbao, tena mbao 5, ni bomba la inchi 2 la kutolea maji ya shawa. Upana wake wa nje ni milimita 60, nikatoboa milimita 64. Mteremko ni robo inchi kwa kila futi, yaani tundu linashuka milimita 8.5 kila ubao. Tundu la kwanza kitovu chake kilikuwa milimita 92 kutoka juu, la tano milimita 126, na chini yake zikabaki milimita 77 za mbao nzima. Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kushika drili, maana njia ikiwa ndefu, tundu la mwisho litaingia kwenye zile milimita 51 za chini.

Niling'oa plaiwudi, nikavuta uzi juu ya mbao ili matundu yakae kwenye mstari, kisha nikapima kila kitovu kutoka ukingo wa juu. Mbao zikiwa zimepinda, sahihisha kwa pima maji. Kati ya mbao kuna milimita 368 tu, drili ya kawaida haienei. Tumia yenye shingo ya pembe. Toboa mpaka ncha itokeze upande wa pili, halafu malizia kutokea huko, ubao usichanike.

Kipande kirefu kuliko uwazi hakiingii. Nilipitisha kipande cha milimita 300 katika kila ubao, kikatokeza milimita 131 kila upande, kisha nikaunganisha kila uwazi kwa soketi mbili (viungio vya bomba) na kipande kifupi kati yake. Vipande husogezwa ndani ya matundu ili kupata nafasi ya kuingiza soketi. Panga vyote vikavu kwanza, weka alama, ndipo upake dawa ya kusafishia na gundi. Sukuma huku ukizungusha robo, shikilia sekunde 30.

Usishindilie vipande vya mbao kwenye ile nafasi ya milimita 4 kati ya bomba na tundu. Maji moto yakipita, PVC hurefuka, na bomba lililobanwa hulia tik, tik usiku kucha.

Mbao za kiwandani zenye umbo la I hazifuati vipimo hivi. Soma jedwali la mtengenezaji, na mkanda wa juu na wa chini usiuguse.

Kabla ya kurudisha plaiwudi niliziba mwisho, nikajaza maji, nikaacha robo saa, nikapitisha karatasi kavu ya chooni chini ya kila soketi kuona kama inalowa.